Neno la siri lililokaa kwa mtoto: kisa cha tovuti ya SACCOS moja ya walimu

Kisa hiki ni cha SACCOS (chama cha akiba na mikopo) moja ya walimu na watumishi wa halmashauri, Tanzania Bara. Jina la chama, wilaya, kampuni iliyojenga mfumo na majina ya watu wote nimeyaondoa. Masomo wanayofundisha na mpangilio wa miezi nimeugeuza kidogo ili mtu asitambulike na majirani zake. Mimi niliingia katikati ya safari. Niliitwa kuangalia kwa nini tovuti iliyosifiwa kuwa na "alama 92 kwa 100 za ufikivu", yaani kutumika na kila mtu wakiwamo wenye ulemavu, ililalamikiwa mbele ya mkutano mkuu.

## Usuli

Kwa miaka mingi mkopo wa dharura uliombwa kwa karatasi. Mwanachama anafika ofisini, anachukua fomu, anajaza, anawafuata wadhamini wawili, mkuu wa kazi anagonga muhuri, kamati ya mikopo inakaa. Tusiipambe fomu ile: kwa mtu asiyeona ilikuwa karatasi tupu. Lakini ofisini palikuwa na karani mmoja, mama wa makamo, ambaye kila mwanachama asiyeona alipofika alifunga mlango, akamsomea kila mstari kwa sauti ya chini, akaandika majibu, kisha akaweka rula chini ya mstari wa saini ili mwenyewe aongoze kalamu. Kazi hiyo haikuandikwa popote. Haikuwa kwenye mwongozo wa huduma wala kwenye majukumu yake. Mfumo mpya ulipokuja, karani alihamishiwa masjala, na hakuna aliyejua kwamba huduma nzima ilikuwa imeondoka naye.

Katika wanachama wanaohusika na kisa hiki, wa kwanza ni yule nitakayemwita Mwalimu. Anafundisha Historia sekondari, haoni tangu utotoni. Simu yake ni ya Android, anaitumia kwa TalkBack, programu inayomsomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Kwenye kompyuta mpakato anatumia NVDA, kisomaskrini cha bure ambacho Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kukitengeneza mwaka 2006. Mwalimu si mgeni wa teknolojia. Mitihani yake anaichapa mwenyewe, na kasi ya sauti ya simu yake mimi siwezi kuifuata hata sentensi moja.

Wa pili ni mhasibu wa halmashauri, mwenye ualbino, uoni wake ni hafifu. Wa tatu ni mwalimu kiziwi anayefundisha kitengo cha wanafunzi viziwi. Wa nne ni mstaafu ambaye mkono wake wa kulia haufanyi kazi vizuri tangu alipopata kiharusi. Wa tano atajitokeza baadaye, maana hata sisi tulichelewa kumwona.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikapatikana Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 9 ya mkataba inaweka teknolojia ya habari na mawasiliano kwenye kapu moja na majengo na usafiri. Nilipoisoma hati ya zabuni ya mfumo, nilikuta rangi za chama, nembo, kasi, usalama na hifadhi ya kumbukumbu. Neno ulemavu halikuwamo hata mara moja. Sioni kama kulikuwa na nia mbaya. Daftari la wanachama lenyewe halikuwahi kuuliza nani haoni na nani hasikii, kwa hiyo kwa upande wa ofisi watu hawa hawakuwapo.

## Kilichotokea

Mfumo ulizinduliwa, fomu za karatasi zikafutwa siku hiyohiyo. Mwezi wa tatu upepo wa masika ukachukua mabati ya nyumba ya Mwalimu. Akafungua tovuti, akahangaika jioni mbili, kisha akamwita kijana wake wa kidato cha tatu. Kijana akajaza kila kitu kwa nusu saa. Mkopo ukatoka.

Lakini sasa kijana alikuwa na neno la siri la baba, na simu inayopokea namba za uthibitisho. Aliona akiba. Aliona mkopo wa nyuma ambao mama yake hakuwa anaujua. Aliona kwamba baba alimdhamini mjomba, na mjomba hakulipa. Nyumbani kukawa na maneno.

Kwenye mkutano mkuu, ilipofika agenda ya mengineyo, Mwalimu aliomba nafasi. Maneno yake yaliandikwa kwenye kumbukumbu: "Ndugu Mwenyekiti, mkopo wa chama naujua na masharti yake nayajua. Ila siku hizi kabla sijaja kukopa kwenu, naanza kwa kuomba ruhusa kwa mtoto wangu."

Watu walicheka, kisha wakanyamaza.

Meneja alichukua jambo hilo kwa uzito, na namsifu kwa hilo. Aliiandikia kampuni ya mfumo. Kampuni ilijibu ndani ya siku mbili kwa picha ya skrini: chombo cha kupima tovuti kimetoa alama 92 kwa 100 upande wa ufikivu. Barua ilimalizia kwamba tatizo huenda ni la simu ya mwanachama.

Alama ile ilikuwa ya kweli, na haikuwa na maana waliyoipa. Vyombo vya kupima hukagua kile kinachoweza kukaguliwa na mashine: picha ina maelezo au haina, rangi zinatofautiana kwa kiasi gani. Mwaka 2017 kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali ya Uingereza kilijenga ukurasa mbovu kwa makusudi, wenye makosa zaidi ya mia moja, kikavijaribu vyombo kadhaa juu yake. Kilichofanya vizuri kuliko vyote kiligundua takriban asilimia 40 ya makosa. Tena chombo cha kampuni yetu kilipima ukurasa wa mbele tu, ule wenye picha ya mwenyekiti na salamu za sikukuu. Fomu ya mkopo iko nyuma ya mlango wa kuingilia, ambako chombo hakikupewa ufunguo.

Bodi ilitaka jambo liishe kabla ya mwaka wa fedha. Kampuni ikapendekeza wijeti: kitufe cha bluu chenye alama ya kiti cha magurudumu kinachoelea pembeni ya ukurasa, kinachodai kurekebisha tovuti chenyewe. Ukikibonyeza unapata herufi kubwa, rangi tofauti na sauti ya kukusomea. Wakalipia mwaka mzima.

Mwalimu alipofungua tovuti baada ya hapo, sauti mbili zikasema kwa pamoja: TalkBack yake na ile ya wijeti. Kitufe chenyewe kilifunika kitufe cha kuingia kwenye skrini ndogo. Akampigia meneja simu. "Mkuu, zamani ilikuwa hainiambii kitu. Sasa inanipigia kelele."

Hapo ndipo nilipoitwa.

### Jumamosi katika chumba cha walimu

Tulikaa shuleni kwake, siku isiyo na wanafunzi. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba, karibu, keti hapo usinizibie upepo." Nilikuwa nimeahidi kutogusa simu wala kusema neno kwa dakika thelathini. Kunyamaza huku mtu akikosea mbele yako ni kazi ngumu kuliko kuandika programu.

Ukurasa wa kuingia ulikuwa na visanduku viwili. Kwa macho, kimoja kimeandikwa Namba ya Uanachama na kingine Neno la Siri. Kwa TalkBack: "Kisanduku cha kuandika. Kisanduku cha kuandika." Maandishi yalikuwa karibu na kisanduku lakini hayakuunganishwa nacho ndani ya msimbo, yale maandishi ya programu yanayojenga ukurasa, kwa hiyo kwa asiyeona ni kama milango miwili isiyo na vibao. Mwalimu alikuwa amekariri: cha juu ni namba, cha chini ni siri. Alivihesabu kama mtu anayepanda ngazi gizani.

Kisha kapcha. Picha ya herufi zilizopindwapindwa, bila maelezo, bila sauti mbadala. Mashine inamwambia mtu asiyeona athibitishe ubinadamu wake kwa macho. Dakika ya tisa aliniomba nimsomee, na ahadi yangu ya ukimya ikaishia pale.

Kisha namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, nayo inaisha muda baada ya sekunde 60. Ninyi mnaoona mnaitazama tu inapojitokeza juu ya kioo. Yeye anatoka kwenye kivinjari, anafungua ujumbe, anausikiliza. Na ujumbe ulianza hivi: Ndugu mwanachama, karibu katika mfumo wetu mpya wa kisasa wa kidijitali wenye kukuletea huduma popote ulipo... Namba ilikuwa mwisho kabisa. Akaikariri, akarudi kwenye kivinjari. Simu yake ni ya kumbukumbu ndogo. Ilikuwa imeshautupa ukurasa ule, ikaupakia upya. Kila kitu tupu. Kapcha mpya.

Tulirudia mara nne. Mara ya nne alifanikiwa kwa sababu alihamishia laini ya ujumbe kwenye simu ya pili, akanipa mimi. Kwa maneno mengine, alifanikiwa kwa kunifanya mimi mtoto wake.

Ndani ya fomu, kiasi cha mkopo kilichaguliwa kwa kuburuta kitufe juu ya mstari. Hakukuwa na njia ya kuandika tarakimu. Hati ya mshahara, ambayo watumishi wengi huipata mtandaoni kama PDF, ilitakiwa iwe picha. Mwalimu angetakiwa kuipiga picha karatasi asiyoiona. Alipobonyeza kutuma, kukatokea kosa: kisanduku kimoja kikawa na ukingo mwekundu, na ujumbe mdogo ukajitokeza chini kwa sekunde tatu, ukatoweka. TalkBack haikusema chochote. Mwalimu alikaa kimya, akidhani ametuma. Tulikaa kimya wote wawili, nadhani dakika nzima.

Na masharti ya mkopo, yale yanayosema riba ni ngapi na ukishindwa inakuwaje, yalikuwa karatasi iliyopigwa skani. Picha. Chini yake kisanduku: Nimesoma na nimekubali.

### Kiswahili kilichosomwa Kiingereza

Tuliporudia kwenye kompyuta mpakato, likatokea jambo ambalo sikulitarajia. NVDA ilianza kusoma ukurasa kwa sauti ya mzungu aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi ile. "Jina" ikawa kitu kama "jaina". "Mkopo" ikaanza kwa kutaja herufi M peke yake. "Wadhamini" sikuitambua mpaka nilipotazama skrini.

Mwalimu alicheka. "Tovuti zetu nyingi ziko hivi. Nimezoea kutafsiri kichwani."

Kila ukurasa wa wavuti unapaswa kutaja lugha yake mwanzoni kabisa, kwa sifa inayoitwa lang. Kampuni ilinunua kiolezo cha nje, yaani tovuti iliyokwisha kuandaliwa ya kujazia maneno yako, kikaandikwa "en" kama kilivyokuja, kisha maneno yote yakabadilishwa kuwa Kiswahili isipokuwa hilo moja lisiloonekana. NVDA inatii: ukurasa ukisema mimi ni Kiingereza, inabadili sauti kuwa ya Kiingereza. Na sauti ya Kiswahili ilikuwapo muda wote, maana eSpeak NG inayokuja pamoja na NVDA ina Kiswahili. Herufi mbili, "sw", zilikuwa zimekosekana.

Nimeona maelezo mengi ya ufikivu yanayopita juu ya kipengele hiki kwa mstari mmoja. Ni kwa sababu wanaoandika wengi lugha yao ndiyo iliyokuja na kiolezo. Kwetu sisi kosa hili ni kama mwalimu wa Kiswahili aliyeingia darasani akiwa amefungwa ulimi wa mtu mwingine.

### Wengine watatu

Mhasibu hakuhitaji kisomaskrini. Alihitaji kukuza kwa vidole viwili, na tovuti ilikuwa imezuia ukuzaji kwa mstari mmoja wa msimbo, ili "mpangilio usiharibike". Maelezo yaliandikwa kwa kijivu cha #999999 juu ya nyeupe, ambacho uwiano wake wa utofautishaji ni 2.85 kwa 1. Kiwango cha chini kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Alikuwa anapiga picha ya skrini, anaikuza picha, anasoma, anarudi kujaza.

Mstaafu alishindwa na ule mstari wa kuburuta. Kidole kinatetemeka, kiasi kinaruka kutoka laki nne hadi milioni moja na nusu.

Mwalimu kiziwi alisema kwa maandishi kwamba hana malalamiko, kwa kuwa hajawahi kuomba mkopo. Nilitaka kuondoka na jibu hilo. Bahati nzuri mwenzake aliyekuwa anatutafsiria akaongeza: "Muulize kama amewahi kumdhamini mtu." Hajawahi. Ofisi huthibitisha udhamini kwa kumpigia mdhamini simu. Ukimweka yeye, simu haipokelewi, ombi lako linakwama. Walimu wenzake walikuwa wameshalijua hilo kimyakimya, kwa hiyo hawamwombi. Na kwenye SACCOS, asiyedhamini wenzake naye anaona aibu kuomba adhaminiwe. Kwenye tovuti hakukuwa na kosa lolote la msimbo linalohusiana na jambo hili.

## Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuchagua kipimo. Kampuni ilitaka alama. Bodi ilitaka cheti. Tulikubaliana kipimo kiwe sentensi moja: mwanachama aombe mkopo wa dharura mwanzo hadi mwisho bila kumpa mtu yeyote neno lake la siri. WCAG 2.2, miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti iliyotolewa Oktoba 2023, tuliitumia kwa kiwango cha AA, cha kati katika ngazi zake tatu, kama orodha ya kukagulia. Sikutaka iwe lengo lenyewe, kwa sababu nimewahi kuona timu ikitimiza orodha na mtumiaji akabaki mlangoni.

Wijeti iliondolewa siku ya kwanza. Mjumbe mmoja wa bodi alipinga: imelipiwa, iachwe mwaka uishe. Nilimwonyesha kwamba Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kuidai kampuni moja ya wijeti za aina hii dola milioni 1, kwa madai ya uongo kwamba bidhaa yake huifanya tovuti yoyote itimize WCAG. Hilo lilimgusa kuliko maelezo yangu yote ya TalkBack.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa usalama. Kijana wa usalama wa kampuni, mtu makini, alikataa kuondoa kapcha na kukataa kuongeza muda wa namba ya uthibitisho. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Fedha za watu zimo humo. Tukafanya hesabu pamoja ubaoni. Namba ya tarakimu sita ina uwezekano milioni moja. Ukimruhusu mtu kukosea mara tano kisha ukafunga akaunti kwa muda, nafasi ya mwizi kubahatisha ni moja kwa laki mbili, iwe ana sekunde 60 au dakika kumi. Kinacholinda ni idadi ya majaribio. Muda mfupi ulikuwa unamwadhibu mwenye akaunti. Akakubali dakika kumi. Kapcha ikaondoka, kwa kuwa kikomo cha majaribio kilifanya kazi yake yote.

Ujumbe mfupi ukageuzwa: namba mwanzoni, maneno baadaye. Visanduku sita vya tarakimu mojamoja vikawa kimoja, kilichotiwa alama inayoiruhusu simu kupendekeza namba yenyewe bila mtu kutoka ukurasani. Na fomu ikawa inahifadhi ilichojazwa kila hatua.

Mengine yalikwenda haraka, na hapa ndipo mtu hushangaa. Kuunganisha maandishi na visanduku: siku moja. "sw" badala ya "en": dakika. Kuruhusu kukuza: kufuta maneno machache. Kijivu kikawa #595959. Mstari wa kuburuta ukawa kisanduku cha kawaida cha kuandika kiasi. PDF ikapokelewa. Makosa yakaandikwa kwa maneno chini ya kisanduku husika, na kisomaskrini kikapelekwa hapo moja kwa moja. Masharti ya mkopo yakachapwa upya kama ukurasa wa maandishi. Yalipochapwa, mwanasheria wa chama akagundua kifungu cha riba kilichopitwa na wakati ambacho hakuna aliyekiona kwenye skani.

Tuliandika pia fedha upya. "1,500,000/=" kwa kisomaskrini huishia na mkwaju na alama ya sawasawa. Ikawa "Shilingi 1,500,000".

Kwa udhamini, simu ilibadilishwa na ujumbe: jibu 1 kukubali, 2 kukataa, ukitaja jina la mkopaji na kiasi. Ofisa mikopo aliogopa watu watajibu bila kusoma. Tukaweka ujumbe wa pili wa kuthibitisha baada ya saa moja, wenye nafasi ya kujiondoa.

## Matokeo

Raundi ya kwanza ya majaribio Mwalimu alikwama kwenye kuchagua sababu ya mkopo, orodha ya kubuni ambayo kampuni iliipenda kwa uzuri wake. Ikarudishwa orodha ya kawaida ya kivinjari. Raundi ya pili mtandao ulikatika, ila fomu ilibaki na majibu yake. Raundi ya tatu alimaliza peke yake kwa dakika kumi na moja, mimi nikiwa nje nanunua maji. Nilirudi nikamkuta ameshaanza kusahihisha madaftari na msaidizi wake.

Neno la siri alilibadilisha jioni ileile. Kijana aligundua wiki mbili baadaye, akauliza kwa nini. Sijui alijibiwa nini.

Mwalimu kiziwi alidhamini mkopo wake wa kwanza mwezi uliofuata. Wazee wastaafu, ambao hawakuwa kwenye mpango wetu hata kidogo, walianza kuomba wenyewe. Ofisi ilieleza kwamba foleni ya babu na wajukuu dirishani imepungua. Meneja anapenda kulitaja hili kwanza anapohutubia. Mimi ningelitaja la mwisho, lakini namwelewa.

Ambalo halikukamilika ni taarifa ya akaunti ya mwezi. Inatoka kwenye mfumo wa hesabu wa zamani ikiwa PDF yenye jedwali linalosomwa tarakimu baada ya tarakimu bila vichwa vya safu. Mwalimu bado anaisoma kwa kukisia.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kipimo chenyewe. "Bila kumpa mtu neno la siri" kilieleweka na mwenyekiti, mwanasheria na mwandika programu kwa namna moja. Kila ubishi tuliurudisha pale. Kingekuwa "kufikia AA", mabishano yangebaki kwa mafundi, na suala la simu ya mdhamini lisingeonekana kabisa, kwa sababu mwongozo wa wavuti haukagui simu ya ofisa mikopo.

Kukaa na mtu kabla ya kugusa msimbo kuliokoa fedha. Wijeti ya mwaka mmoja ilikuwa ghali kuliko nauli na posho za wajaribu wote kwa raundi zote tatu. Na tuliwalipa posho; hili nalisisitiza, maana kuna desturi ya kuwaita watu wenye ulemavu kwenye majaribio kana kwamba wanafadhiliwa.

Sasa makosa. La bodi lilikuwa kununua dawa kabla ya kumwona mgonjwa, nalo limeshajieleza. La kampuni lilikuwa kupima ukurasa wa mbele. Yangu yalikuwa mawili.

Kwanza, nilitengeneza video ya maelekezo kwa Lugha ya Alama ya Tanzania (LAT) nikimtumia kijana anayesikia ambaye "anajua alama". Mwalimu kiziwi aliitazama, akaandika kwenye karatasi: Huyu anaongea Kiswahili kwa mikono. Alama zilikuwa za LAT, mpangilio wa sentensi ulikuwa wa Kiswahili cha mdomo, yaani kwa kiziwi maneno yanaeleweka ila lugha si yake. Video ikarudiwa na mwenzake kiziwi, kwa nusu ya muda. Nilitakiwa kuanzia hapo.

Pili, nilimchukulia Mwalimu kuwa kipimo cha wasioona wote. Ni hodari, ana vifaa, alisoma shule zilizomfundisha. Mwanachama wa tano alijitokeza tulipodhani tumemaliza: mwalimu wa msingi aliyepoteza uoni miaka miwili nyuma kwa presha ya macho. Hajui TalkBack, simu yake ni ya vitufe, na wakati ule hakuwa tayari hata kuzungumza juu ya kujifunza. Tovuti yetu iliyotengenezwa vizuri haikumsaidia kitu. Kilichomsaidia ni karani.

Tulimrudisha yule mama kutoka masjala. Safari hii kazi yake iliandikwa: chumba chenye mlango, kusoma masharti yote kwa sauti kabla ya saini, kutoandika neno la siri la mwanachama popote, na fomu ya ridhaa inayofuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Aliposomewa majukumu mapya alisema, "Mbona nilikuwa nafanya hivyo?" Ndiyo, ila sasa akistaafu, atakayemrithi atakuta imeandikwa. Mfumo ulipozinduliwa, hakuna aliyeuliza ofisi ya zamani ilikuwa inafanya nini vizuri. Swali hilo sasa naliuliza siku ya kwanza ya kila kazi.

Kosa la tatu ni la sote, nalo bado linauma. Miezi minne baada ya kukabidhi, kampuni ilisasisha mfumo. Sasisho lilikuja na fomu mpya ya kuingia kutoka kwenye kiolezo kilekile cha nje. Visanduku vikapoteza majina, "en" ikarudi. Hakuna aliyejua kwa wiki tatu, mpaka Mwalimu alipotuma ujumbe wa sauti kwa meneja akiigiza ile sauti ya mzungu ikisema "jaina". Marekebisho tuliyafanya ndani ya msimbo, hatukuyaweka ndani ya mkataba. Kisheria kampuni haikuvunja chochote.

Mkataba unahuishwa mwaka huu. Tumependekeza kifungu: kabla ya kila sasisho, wanachama wawili wenye ulemavu wajaribu kuomba mkopo, na sasisho lisiwekwe mpaka wamalize wenyewe, gharama ikiwa ya kampuni. Kampuni imekubali kifungu chote, ila inataka liongezwe neno "inapowezekana". Mpaka naandika haya, wanavutana juu ya neno hilo, na Mwalimu ameombwa kuingia kwenye kamati ya majadiliano.